Mchanga Laini na Siagi Hafifu

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie yake kabla hujasoma mstari wa pili. Hapa nyumbani tu wazima: mimi, redio, na yule paka wa jirani ambaye ameamua kwamba jirani ni sisi.

Kwa heshima na taadhima, nachukua nafasi hii kuutangazia ukoo wote, yaani wewe, kwamba ukuta wa chumba cha Mama umepata madoa mawili. Madoa hayo nimeyaweka mwenyewe, kwa brashi, nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa nieleze. Daktari wa macho alisema Mama akishapasuliwa asirudi kwenye vumbi wala harufu ya rangi. Kwa hiyo chumba kipakwe, kikauke, kipigwe na upepo, ndipo arudi. Siku unamchukua, unakumbuka alinigeukia mlangoni akasema, "Upake rangi ya asubuhi. Nyeupe sitaki, na manjano ya kupiga kelele sitaki." Mkaondoka. Nikabaki nimesimama na maagizo hayo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiyemjua.

Dukani walikuwa na rangi mbili za aina hiyo. Moja inaitwa Mchanga Laini, nyingine Siagi Hafifu. Muuzaji aliapa kwamba zinatofautiana kabisa. Nilizitazama mpaka machozi yakanitoka, akadhani nina msiba. Nikanunua makopo yote mawili, maana mimi muuzaji akishaniangalia usoni sina ujanja.

Dada, nimezipaka ukutani, pale karibu na dirisha, kila moja kiraka cha ukubwa wa sinia. Asubuhi jua likiingia, Mchanga Laini inakuwa siagi. Adhuhuri zinalingana kama mapacha. Jioni Siagi Hafifu inageuka mchanga, na huo mchanga wenyewe unageuka kitu ambacho sina jina lake, kama upande wa ndani wa ganda la yai. Nimeacha kuziamini zote mbili.

Humu ndani ya bahasha kuna vipande viwili vya kadibodi. Nyuma nimeandika M na S. Mwonyeshe Mama achague. Akichagua tu, fundi anaanza wiki hiyohiyo, na Mama atakuwa kitandani kwake kabla ya mvua.

Mdogo wako,
Kipara


30 Machi

Kwako Kipara, kinyozi pekee ninayemjua ambaye kichwa chake kinawafukuza wateja,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kazini kwangu ni mashuka na mashuka. Hoteli imejaa, na wageni wa siku hizi wanajifutia viatu kwa taulo. Vijana wangu wa kufulia wanalalamika, mimi nalalamika juu yao, basi siku inakwisha.

Jicho la kulia la Mama limefunguliwa bandeji. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono yake. Akasema, "Ya nani hii, mbona imezeeka?" Tukacheka mpaka nesi akatuhamisha benchi. Bado jicho la kushoto, nalo litafuata.

Vipande vyako vimefika. Nimevibandika ukutani juu ya meza ya kulia. Wewe unajua mimi kazi yangu ni kuangalia weupe wa mashuka ya watu: naweza kukuambia shuka lipi limeanikwa juani na lipi limekaushwa ndani kwa uvivu. Lakini hizi rangi zako zimenishinda. Nikinywa chai naona tofauti, nikiweka kikombe chini imepotea.

Mama bado anazitazama. Ana jicho moja jipya na moja la zamani, usimharakishe. Halafu vipande vyenyewe ni vidogo mno, kama tiketi. Mtu hawezi kuchagua ukuta kwa kuangalia tiketi. Tuma vikubwa.

Nguo zako za baridi zianike, najua hujazianika.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nguo nimezianika. Moja ilikuwa na panya, tumeelewana.

Natuma vipande vikubwa, kila kimoja kama ukurasa wa gazeti. Mtu wa posta aliniuliza kama ni picha ya mchoraji maarufu. Nikamwambia ndiyo, mchoraji ni mimi, na picha inaitwa Ukuta.

Ili nisikae bure nikisubiri, niliviweka vingine kama hivyo kinyozini, kwenye kioo, nikawa namwuliza kila anayekaa kitini. Mwalimu wa hesabu akasema, "Hii ni rangi moja, ila hii nyingine imesimama kivulini." Dereva wa lori akasema ya kushoto ni ya hospitali, ya kulia ni ya hospitali ambayo mtu hupona. Fundi viatu alifikiri muda mrefu sana, povu likimkaukia shavuni, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kupiga kelele.

"We mzee, unanyolewa au unaolewa?"

"Niacheni," akasema. "Jambo la chumba cha mama wa mtu si la kukurupuka."

Nikampenda sana siku ile. Lakini naye hakuchagua.

Fundi rangi mwenyewe, yule tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu unazozijua, nilimwita aje azione ukutani. Alisimama, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Nikamwuliza, "Fundi, wewe unaona tofauti?"

"Ipo, mzee, tena kubwa."

"Iko wapi?"

"Hii ina kifuniko chekundu."

Sehemu hii usimsomee Mama. Nyumba imekuwa na nafasi nyingi kupita kiasi. Nazungumza na redio. Juzi mtangazaji alituaga, nami nikamjibu "Haya, na wewe pia," kisha nikamsindikiza mpaka mlangoni. Kwa hiyo Mama akichagua mapema sitakasirika.

Kipara


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Kwanza nilikuwa na kazi, halafu nikaishiwa bahasha, halafu bahasha zikapatikana. Usiniulize sana.

Jicho la kushoto nalo limekwisha kupasuliwa na linaendelea vizuri. Mama sasa anaona mpaka mambo yasiyomhusu. Anajua mke wa jirani wa ghorofa ya pili amebadilisha mapazia. Asubuhi anakaa dirishani anatazama vumbi likielea kwenye mwanga. "Kumbe muda wote lilikuwepo," ananiambia, "na mimi nilidhani nyumba yako safi." Nikirudi kazini namkuta amekunja kila kitu kinachokunjika. Jana alikunja gazeti ambalo sijasoma.

Nimemtundikia pazia jepesi kwenye kile chumba kidogo, tumenunua kiti cha pili cha kibarazani, na amepanda maua kwenye kopo. Ni maua yanayochelewa kidogo kuchanua. Muuzaji alisema mpaka mwisho wa mwaka.

Kuhusu rangi, bado. Vipande vikubwa vimependeza, vimeziba ufa wangu wa sebuleni. Mama angependa kujua saa tisa alasiri zinakuwaje. Umeeleza asubuhi, adhuhuri na jioni, lakini saa tisa umeiruka. Chunguza vizuri, usijibu kwa haraka.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama, na salamu kwa kiti cha pili na kwa maua yanayochelewa.

Saa tisa nimeichunguza. Kinyozini ni wakati wa watu kusinzia, kwa hiyo nilifunga mlango, nikaja nyumbani, nikajilaza chali sakafuni chumbani kwa Mama. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu jua likapiga bati la jirani, mwanga ukarudi kinyumenyume ukaingia dirishani, ukatembea ukutani polepole kama mtu anayetafuta swichi. Rangi zote mbili zikaanza kupumua. Sikutanii. Nikalala.

Nikaota niko ndani ya rangi. Kulikuwa hakuna sakafu wala dari, ni ile rangi ya krimu tu kila upande, ina joto kidogo kama shuka ulilolitoa juani. Nilikuwa natembea na nilikuwa mdogo, na nilijua kwamba mbele kidogo kuna watu wangu wanazungumza. Sauti nazisikia. Nikawa naita, "Mko upande wa mchanga au wa siagi?" Hakuna aliyejibu, ila mtu mmoja akacheka, na ni wewe. Nikaamshwa na paka.

Sasa habari ya aibu. Vifuniko vya makopo, ambavyo ndivyo vyenye majina, nimevichanganya. Nilifungua yote mawili ili nilinganishe, nikafunga, na chekundu sijui kimekwenda wapi. Na maandishi niliyoandika ukutani kwa chaki, yule paka ameyafuta kwa mgongo. Kwa hiyo hivi sasa hata Mama akisema M, mimi sitajua M ni ipi.

Lakini achague tu. Nakuuliza rangi, Dada. Mbona swali la rangi linachukua miezi? Sijauliza kitu kingine chochote.

Kipara


15 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kazini wazima. Basi hizo ndizo habari, na sasa nikae niandike barua niliyotakiwa kuiandika mwezi wa tatu.

Siku bahasha yako ya kwanza ilipofika, Mama alishika vile vipande viwili vidogo, akaenda navyo dirishani. Akafumba jicho la zamani akatazama kwa jipya. Akafumba jipya akatazama kwa la zamani. Akarudia. Akaniambia, "Jicho la zamani linasema zote ni manjano. Jicho jipya linasema zote ni mchanga. Mwambie mwanangu apake yoyote, mradi apake." Ilikuwa kabla chai haijapoa.

Sikukuandikia. Nilisema nitaandika kesho yake. Wewe na yule fundi wako mnajua neno hilo linavyofanya kazi.

Na baada ya hapo kila barua yako ikawa inaniuliza rangi, nami nikawa nakuomba vipande vikubwa zaidi. Kama ungeniuliza kitu kingine ningejibu, labda. Hukuuliza.

Nikueleze kilichonipata. Nimekaa humu peke yangu tangu shemeji yako alipofariki, na sikuwahi kuona shida. Nina kazi, nina majirani, usiku najitupa kitandani nimechoka. Lakini tangu Mama aje, nikiingiza ufunguo mlangoni sauti inauliza kutoka ndani, "Nani?" Nami najibu, "Mimi." Ni hilo tu. Miaka yote nilikuwa nafungua mlango na hakuna anayeuliza. Nikajua ukishapaka, chumba kikakauka, itabidi nimrudishe, na nitaanza tena kuingia ndani kimya.

Barua zako nilikuwa namsomea Mama nikiruka penye rangi. Juzi nilipomsomea barua yako ya ndoto, nilisoma mpaka pale uliponisikia nacheka, nikaanza kuikunja. Akaninyang'anya karatasi. Nilikuwa nimesahau kwamba sasa anaweza kusoma mwenyewe! Akasoma yote mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Yaani huyu bado hajapaka?" Nikamwambia hajapaka kwa sababu mimi sijamwambia. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akaenda kukunja nguo zake, na safari hii akazikunjia ndani ya mkoba.

Anakuja mwisho wa mwezi ujao. Tiketi nimemkatia mwenyewe. Kwa hiyo una muda wa kupaka na kukausha. Paka yoyote.

Mwisho wa mwaka nastaafu. Hoteli itanipa saa ya ukutani, ndivyo wanavyomfanyia kila mtu, wakati ambao hana tena pa kuwahi. Maua nitaendelea kuyamwagilia mwenyewe.

Usinichukie sana.

Dada yako


9 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Mama amefika salama. Yuko hapa nje anaanua nguo zisizokauka vizuri, nami nimekatazwa kusaidia.

Umesema kweli, basi nami niseme ya kwangu. Chumba nilikipaka mwezi wa tano.

Ndiyo. Ulipokuwa unaniambia nichunguze saa tisa, ukuta ulikuwa umekauka zamani na harufu imekwisha. Ile rangi ya krimu niliyoilalia chini yake mpaka nikaota ilikuwa ukuta mzima. Ilitokea hivi: baada ya vifuniko kuchanganyika tulikaa na Fundi Kesho tukiyatazama makopo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kesho kwa mara ya kwanza akasema leo. Nikachukua ndoo, nikamimina Mchanga Laini, nikamimina Siagi Hafifu, tukakoroga kwa mpini wa ufagio. Fundi akachungulia ndani, akasema, "Mzee, unajua hii hatutaipata tena?" Nikamwambia paka.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nilisikia kile kiti cha pili. Kabla hata ya barua yako kukitaja nilikuwa nakisikia, kwenye vile ulivyochelewa. Nilijiambia kwamba nikikuandikia "chumba tayari, mlete Mama," unaweza kunijibu kwamba Mama amesema hapo kwako panamtosha. Lakini kama rangi haijachaguliwa, basi hajakataa kurudi. Nikaona ni heri nisubiri rangi. Wewe ulikuwa unauficha mlango, na mimi nimesimama nje ya mlango huohuo nikijifanya natafuta ufunguo. Mama katikati, na macho yake mapya, anatutazama.

Kukuchukia? Niliposoma ile habari ya "Nani?" nilikuwa namnyoa mtu. Nimemwacha na sharubu upande mmoja. Amekataa kulipa, na namuunga mkono.

Sasa nikuambie alivyoingia. Nilimpokea stendi, akanitazama kichwa kizima kwa utulivu, akasema, "Kumbe hakuna hata moja iliyobaki." Nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani. Ilikuwa asubuhi. Akasimama katikati, jua linaingia, ukuta uko vile ulivyo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai, au kama kitu kingine, nimechoka kutafuta. Akafumba jicho la kushoto. Akafumba la kulia. Akatazama kwa yote mawili.

"Ulichagua ipi?"

"Sikuchagua, Mama. Nimezichanganya."

"Dada yako alichagua ipi?"

"Naye hakuchagua."

"Basi ndiyo maana imetulia," akasema, akakaa chini kufungua viatu.

Nikadhani imekwisha. Mchana akaanza kusukuma kitanda. Unajua nilikuwa nimekiweka karibu na dirisha, mahali pazuri, apate upepo. Alikisukuma mpaka upande wa pili, ukutani kabisa, hataki kusaidiwa, na miguu ya kitanda ikichora sakafu yangu. Pale dirishani pakabaki wazi. Na hapo ndipo alipoona nilichokuwa nimekificha kwa ubao wa kitanda.

Rangi haikutosha, Dada. Ndoo iliisha kabla ya kona ile. Na kwa kuwa hakuna aliyepima kilichomiminwa, Fundi amejaribu mara kadhaa kutengeneza nyingine na kila ikikauka inatoka tofauti. Kwa hiyo kona ya dirisha ina ukuta wa zamani, na juu yake vile viraka viwili vya kwanza, kimoja mchanga, kimoja siagi, sijui kipi ni kipi.

Nikaanza kujitetea. Mama hakunisikiliza. Alikuwa anapima sakafu kwa hatua, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kama fundi. Nikamwambia, "Mama, rudisha kitanda dirishani, huko gizani unakwenda kufanya nini?"

Akasema, "Pale pana mwenyewe."

Na ni kweli. Ndipo kilipokuwa kitanda chako, tulipokuwa tunalala chumba hiki wote watatu, wewe dirishani kwa sababu ulikuwa unaogopa ukutani na ulikuwa hutaki ijulikane. Nilipaka viraka vyangu juu ya pale ulipokuwa mto wako na sikufikiri hata kidogo. Miezi yote hiyo nakuuliza rangi ya chumba cha Mama, na hakuna siku niliyokuuliza kama chumba hiki kinakutosha na wewe. Nilidhani una mji wako, una hoteli yako na vijana wako, utanicheka.

Kitanda chako kipya kimekwisha kuletwa, fundi seremala amekileta jana. Mama amekitandika kwa shuka alilolichukua kwako bila kukuaga; anasema utalifuata. Saa yako ya ukutani ina msumari unaoisubiri. Fundi Kesho ameniuliza kona ile tunaimalizia lini, nikamwambia bado, kuna mtu anakuja mwisho wa mwaka na hatujui anapenda ipi.

Njoo uchague, Dada. Na ukishindwa, njoo hivyohivyo.

Mdogo wako,
Kipara